Mchicha umetuponza

Nimetoka kliniki na mama sasa hivi.

Anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, leo kimesoma 1.4, anatakiwa awe kati ya 2 na 3.

Mfamasia akauliza: "Mama, wiki hii umekula nini?"

Mchicha. Matembele. Kisamvu. Kila siku! Jirani kamwambia vinaongeza damu.

Kumbe mboga hizo zina vitamini K inayosaidia damu kuganda, na warfarini kazi yake ni kuibana hiyohiyo. Asiache mboga, ila kiasi kisipande na kushuka.

Nikachomekea kwamba mwaka 1948 warfarini iliuzwa kama sumu ya panya.

Mama kanitazama… mpaka nyumbani hajanisemesha 😅

Wenye wagonjwa wa warfarini, mboga mnazipangaje?