Kinanda cha MIDI kwenye simu: kinachosumbua ni waya

Washkaji wanaopiga biti kwenye simu wananiuliza sana hili, eti nikinunua kontrola ya MIDI (kinanda kidogo cha kuchomeka kwenye simu) sauti zangu zitakuwa kali zaidi? Hapana bwana. Kontrola haina sauti hata moja ndani yake, ukichomoa simu unabaki unabonyeza plastiki. Kinachopita kwenye waya ni ujumbe mfupi tu, kii namba fulani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi hiki, haya sasa imeachiwa, basi. Do ya katikati ni namba 60, nguvu inahesabiwa mpaka 127, na lugha hiyo ya vyombo kuongea ndo MIDI yenyewe, ni ileile toka mwaka 1983 kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM kule Marekani, walipounganisha sinthesaiza (kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti) ya Sequential na ya Roland, kampuni mbili tofauti, zikaelewana. Ndo maana kinanda cha zamani sana na simu iliyotoka juzi bado vinaongea vizuri tu.

Sasa faida iko wapi? Iko kwenye hiyo 127. Kioo cha simu hakijui kama umegonga kwa hasira au umegusa tu. Programu nyingine zinabahatisha kwa kuangalia umegusa juu ya kii au chini yake, lakini nani anapiga kinanda hivyo jamani. Angalia haihati, yale matoazi ya dramu yanayosema tsi tsi: ukizigonga kwenye kioo zote zinatoka nguvu ileile moja, biti inasikika kama cherehani. Zigonge kwenye pedi za kweli, vile vibao vya mpira vya kugonga kwa vidole kwenye kontrola, ya kwanza inaingia 110, inayofuata 60, halafu 85, halafu 55, bila wewe kufikiria, mkono ndo unajua. Kufanya hivyo kwa kidole kwenye kioo, noti moja moja, unavuta kamstari juu unashusha chini, unaweza ukamaliza usiku mzima kwa baa nne na bado isikae.

Mimi natumia Akai MPK Mini, kii 25, pedi 8, nobu (vifundo vya kuzungusha) 8, inaingia kwenye begi la mgongoni bila shida. Pedi ni 8 ila kuna kitufe cha benki A na B, kwahiyo jumla 16, na ukiwa na Koala, programu ya simu ya kupiga sampuli, ambayo nayo ina pedi 16 kwa kila ukurasa inakuwa kama vilitengenezwa pamoja. Kuna kitufe kinaitwa Full Level, kikiwaka kila ukigonga inatoka 127, ni kizuri kwa kiki (dramu kubwa la chini) ya singeli ambayo inatakiwa igonge vilevile mwanzo mwisho, ila kizime ukirudi kwenye haihati, maana kuna watu wanarudisha kontrola dukani wakisema mbovu kumbe kitufe tu kinawaka. Kwa melodi natumia programu ya FL Studio Mobile. Nobu nazitumia kwa filta na eko basi, kwenye programu nyingi unagusa kidude kwenye kioo, unazungusha nobu, vinashikana. Hizo zingine sita zinapendezesha picha za Instagram.

Haya tuje kwenye waya, hapa ndo watu wengi wanakwama. Simu inatakiwa iwe bosi na kontrola iwe mtumwa wake, na kinachoiambia simu wewe ndo bosi ni ule waya au kichwa cha OTG, kile kinachoruhusu simu ichomekwe vifaa kama flashi. Waya wowote wa chaja hautoshi, tena kuna nyaya nyingi za bei chee ambazo ndani zina njia ya umeme peke yake, data haipiti kabisa, taa za kontrola zinawaka vizuri unafurahi halafu kwenye programu kimya. Kwahiyo taa kuwaka sio ushahidi. Dukani nenda na flashi yako, ichomeke kwenye simu kupitia huo waya, ikisoma mafaili chukua. Halafu kuna simu ambazo OTG lazima uiwashe kwenye setingi na usipoitumia dakika 10 inajizima yenyewe, umeenda kula ukirudi kinanda kimekufa, hakijafa, washa tena. Na lile chaguo la "MIDI" unaloliona kwenye setingi za USB achana nalo, lile ni la kuifanya simu yenyewe iwe chombo cha MIDI mbele ya kompyuta.

Android imeanza kuelewa MIDI rasmi toka 6.0 ya mwaka 2015, kwahiyo upande huo simu nyingi za sasa ziko sawa. Wa iPhone, kuanzia 15 tundu ni la USB-C mambo rahisi, za nyuma yake mnahitaji ile adapta ya kamera, inayogeuza tundu la iPhone kuwa la USB, na chukueni yenye tundu la chaja pembeni kwa sababu kontrola inakula umeme wa simu na simu ikiona imezidiwa inaikataa. Mimi naweka habu (kisanduku kinachogawa tundu moja kuwa mengi) yenye sehemu ya kuingiza chaja, pawabanki upande mmoja, kinanda upande mwingine, na umeme wa mtaani ukikatika (unakatika) naendelea tu.

Kitu kingine ambacho kinaua raha kabisa ni spika na hedifoni za blututhi. Usinibishie, piga hesabu. Singeli ikiwa BPM 250, yaani biti 250 kwa dakika, biti moja ni milisekunde 240, robo yake ni 60. Blututhi kwa kawaida inachelewesha sauti zaidi ya milisekunde 100, na ukifika 200 maana yake umegonga kiki sasa unaisikia wakati biti inayofuata inakaribia kugonga. Hakuna mtu anaweza kupiga hivyo, utaanza kukimbiza mkono bila kujua na ukisikiliza ulichorekodi kiko nje ya tempo, unajiona hujui kupiga. Tumia hedifoni za waya. Halafu ndani ya programu tafuta bafa (akiba ya sauti ambayo simu inaiandaa kabla ya kuitoa) uishushe, sampuli 256 kwenye 48,000 kwa sekunde ni kama milisekunde 5 tu, 1024 ni 21 na hapo mkono unaanza kuhisi. Sauti ikianza kukwaruza panda hatua moja. Na hapa simu zetu za bei ya kawaida zinawapiga chini zile za mamilioni, maana nyingi bado zina tundu la hedifoni, wenye simu za gharama tundu ni moja tu na kinanda kimeshalikalia, inabidi watafute habu.

Kwa wa taarab na kwaya, kii 25 zitawabana. Ni oktavu mbili tu, besi mkono wa kushoto na kodi mkono wa kulia havikai, na kubonyeza kitufe cha oktavu katikati ya wimbo ni mateso. Ila kabla hujaenda kutoa hela kwenye kontrola ya kii 49 au 61, geuza kile kinanda cha Yamaha PSR cha kanisani uangalie nyuma. Ikiwa na tundu la mraba kama la printa limeandikwa USB TO HOST, hiyo tayari ni kontrola, chomeka kwenye simu kwa OTG ujaribu. Baadhi ya zile za zamani zinadai draiva (programu ya kuzitambulisha) ya kompyuta na simu haitaziona, hizo ndo basi, ila nyingi za karibuni zinakubali papo hapo. Ikikubali utasikia sauti mbili kwa pamoja, piano ya PSR na ya simu juu yake, shusha volyumu ya PSR mpaka sifuri, ujumbe wa MIDI unaendelea kwenda kama kawaida, halafu mwombe mwalimu wa kwaya funguo za kanisa siku isiyo na mazoezi.