Simu Iliita Bila Kupokelewa

Msomaji yeyote wa magazeti ya Kiswahili anaifahamu sentensi hii: "Alipotafutwa kwa simu ili kuzungumzia madai hayo, simu yake iliita bila kupokelewa." Kwa kawaida hukaa mwishoni mwa habari, baada ya aya nane au tisa za tuhuma, na mwandishi akishaiandika huhesabu kwamba amekwisha kuusikiliza upande wa pili. Nilipokuwa nikihariri habari nilizoea kumuuliza mwandishi swali moja tu: ulimpigia saa ngapi? Mara nyingi ilibainika kwamba tuhuma zilikuwa zikikusanywa tangu juzi, lakini anayetuhumiwa alipigiwa saa kumi na moja jioni, mara moja tu, kutoka namba asiyoijua, huku kurasa zikikaribia kufungwa. Mtu wa namna hiyo hakupewa nafasi ya kujibu, hata kama sentensi inayodai alitafutwa ni ya kweli neno kwa neno.

Tunapofundishana maadili ya uandishi huwa tunayatenga na ufundi, kana kwamba kupanga aya ni jambo la mkono na haki ni jambo la moyo. Mimi siamini hivyo. Mtindo wa piramidi iliyopinduliwa, ambao ndio mwandishi wa habari hujifunza kwanza, unataka lililo zito likae juu na yaliyobaki yashuke kwa kadiri ya uzito wake, ili mhariri akikosa nafasi akate kutoka chini bila kuiharibu habari. Ni mtindo mzuri, nami ninautetea. Lakini ukiuweka utetezi wa mtu katika aya ya mwisho, umeuweka pale pale ambapo mkasi hupita kwanza. Likiingia tangazo la robo ukurasa saa za jioni, utetezi unaondoka na tuhuma zinabaki.

Kisa ninachokitumia kila ninapozungumza na waandishi vijana ni cha Januari 2006, jijini Dar es Salaam. Polisi walitangaza kwamba watu wanne, waliowaita majambazi, walikuwa wameuawa katika majibizano ya risasi na askari baada ya tukio la uporaji. Wakati huo jiji lilikuwa limechoshwa na ujambazi wa kutumia silaha, kwa hiyo taarifa ya namna hiyo haikuwa ngumu kuaminika. Ndugu wa marehemu waliikataa. Walisema watatu kati yao walikuwa wafanyabiashara wa madini kutoka Mahenge, mkoani Morogoro, na wa nne alikuwa dereva wa teksi. Rais Jakaya Kikwete aliunda tume iliyoongozwa na Jaji Mussa Kipenka, nayo ikabaini kwamba watu hao hawakuwa majambazi na kwamba hayakuwapo majibizano yoyote ya risasi. Maofisa na askari kadhaa wa polisi walifikishwa mahakamani kwa mashtaka ya mauaji.

Mtu anaweza kuuliza, je, mwandishi aliyepokea taarifa ile siku ya kwanza alipaswa kuitupa? Hapana. Tamko la polisi kuhusu vifo vya watu wanne ni habari, na asiyeiandika amewanyima wasomaji jambo walilo na haki ya kulijua. Kinachotakiwa ni kuiandika kama tamko la polisi, kuanzia kichwa cha habari hadi nukta ya mwisho. Hapo ndipo tunapoteleza: katika aya ya tatu tunaandika "alisema Kamanda", lakini kwenye kichwa cha habari na aya ya kwanza tunazungumza kwa sauti yetu wenyewe, kana kwamba tulikuwapo risasi zilipopigwa. Kisha kuna maswali ambayo hayahitaji ujasiri mkubwa, isipokuwa miguu na nauli: marehemu ni akina nani, miili imehifadhiwa wapi, wakazi wa eneo linalotajwa walisikia nini, silaha wanazodaiwa kuwa nazo ziko wapi. Lisilopatiwa jibu liandikwe kwamba halijajibiwa, na liandikwe juu, si chini.

Najua ugumu uliopo, maana wengi wa waandishi wetu, hasa wa mikoani, ni wa kujitegemea na hulipwa kwa habari iliyochapishwa. Anayesubiri hadi kesho ili ampate ndugu wa marehemu anaweza kukuta mwenzake ameshaituma habari, naye akakosa malipo. Ni rahisi kumlaumu yeye na kumwacha mhariri anayemsukuma. Baraza la Habari Tanzania, ambalo wanahabari wenyewe walilianzisha mwaka 1995, lina kanuni za maadili zinazotaka anayetuhumiwa apewe nafasi ya kujibu, na Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Kanuni hizo zinajulikana. Kinachokosekana ni mhariri aliye tayari kusema kwamba habari hii nzuri italala hapa hadi kesho.

Na kuna kuifuatilia habari baada ya kelele kuisha. Kesi iliyotokana na mauaji yale ilikwenda muda mrefu: mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia huru washtakiwa, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja wao na kumhukumu kunyongwa. Kesi hiyo ilifuatiliwa kwa kuwa ilikuwa kubwa. Mwuza duka anayekamatwa kwa tuhuma za wizi, akapigwa picha akiwa chini ya ulinzi na kuwekwa ukurasa wa mbele, akiachiwa huru mwaka unaofuata hakuna anayekwenda mahakamani kusikiliza. Kwenye dawati letu tulikuwa na daftari la kawaida la shule, tulilolitumia kuandika kila mtuhumiwa tuliyemtaja kwa jina, namba ya kesi na tarehe ya kutajwa tena. Halikuwa na ufundi wowote, na waandishi walilichukia kwa sababu liliwarudisha mahakamani kwa habari ya aya nne.