Gauni langu la kaniki na shanga za bibi

Nimevaa magauni ya dukani miaka mingi, na kila mara nilijiona kama nimeazima nguo ya mtu. Nguo niliyoipenda kweli niliiona utotoni kijijini Mvumi, Dodoma: bibi yangu na wenzake kwenye muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, kitambaa cheusi cha kaniki kiunoni, shanga nyeupe na nyekundu zikiruka shingoni. Mwaka jana nikaamua kujishonea gauni la kaniki lenye shanga kifuani, la kwendea kazini.

Kaniki na shanga nilinunua Soko la Majengo. Kaniki huchuja, kwa hiyo niliifua mara tatu kabla ya kukata, la sivyo uzi mweupe wa shanga ungeharibika. Kushona gauni lenyewe ilikuwa kazi ya Jumamosi moja. Shanga ndizo zilizonitesa.

Nilizitunga zote kwenye uzi mmoja mrefu, nikaubana juu ya kitambaa. Wiki ya pili uzi ukakatika ndani ya daladala, shanga zikatapakaa chini ya viti. Niliumia sana. Nikalibeba gauni hadi kwa bibi.

"Mjukuu wangu, hizi umezifunga kamba moja kama mbuzi," akasema, akachukua sindano. Tunga shanga tatu, choma kitambaa, rudi nyuma, pitisha sindano tena ndani ya shanga ya tatu, ndipo utunge nyingine. Kila mwisho wa mstari, fundo. Uzi ukikatika, unapoteza chache tu.

Bado shingo ilining'inia kwa uzito. Hapo nikaweka bitana ya amerikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kifuani, na shanga nikazishonea juu ya matabaka yote mawili. Ikatulia kabisa.

Wapo walioniambia huo si uasili, maana vitambaa na shanga vilitoka ng'ambo. Ni kweli, amerikani ina jina la Amerika ilikotoka, na karne ya 19 misafara ya Bagamoyo na Tabora ililipa hongo, yaani ushuru wa njia, ya vitambaa na shanga kwa watemi wa Ugogo, nchi ya Wagogo, ili ipite na kupata maji. Lakini rangi ipi ikae kando ya ipi, hilo waliamua bibi zetu, na mimi nimelipokea kwao.

Nilipomaliza nilimpelekea bibi tena. Aliligeuza ndani nje, akapapasa fundo moja baada ya jingine, kisha akauliza kaniki imebaki kiasi gani.