Rangi za vuli kutoka juu: tarehe, kiti na dirisha

Ukipiga simu kuulizia safari ya helikopta ya kutazama majani ya vuli (si mvua za vuli, bali majira ya nchi za baridi ambapo majani hugeuka rangi kabla ya kupukutika), suala la bei liache kwanza. Uliza mtakaa dakika ngapi juu ya msitu wenyewe, maana muda wa kutoka na kurudi uwanjani nao umo katika dakika unazolipia.

Tarehe huwachanganya wengi. Rangi huanzia vileleni kwenye baridi, kisha hushuka mabondeni siku baada ya siku. Wa barabarani na asubiri bonde liive. Wewe wa helikopta nenda siku chache mapema, mlima ukiwa mwekundu kichwani, wa manjano kiunoni na wa kijani miguuni. Manjano hayana wasiwasi: yalikuwemo ndani ya jani muda wote, yanajitokeza tu klorofili, yaani ile rangi ya kijani, inapokwisha. Wekundu wa mepo (mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada) hutengenezwa upya kutokana na sukari iliyokwama ndani ya jani, na hupenda siku za jua na usiku wa baridi usio na jalidi. Ndiyo maana mwaka huu utawaka, mwakani ufifie. Upepo wa usiku mmoja nao waweza kukomba kila kitu, kwa hiyo kata tiketi inayoruhusu kubadili siku.

Uwanjani utapimwa uzito, na rubani ndiye atakayegawa viti ili chombo kikae sawa. Kuwahi foleni hakusaidii. Kwenye helikopta ndogo aina ya Robinson R44 abiria ni watatu na rubani hukaa mbele kulia, kwa hiyo hata wa nyuma wana dirisha kila mmoja. Kwenye helikopta kubwa zaidi, wa katikati huambulia mabega ya wenzake. Ulizia kabla hujalipa.

Kinachoharibu picha nyingi ni dirisha. Si kioo, ni plastiki iliyopinda, na hurudisha taswira ya kila chenye mwanga. Shati jeupe litaonekana limetandazwa juu ya msitu kama shuka iliyoanikwa. Vaa nyeusi. Filta ya kukata mng'ao ivue, kwa sababu kwenye plastiki hiyo huzaa mistari ya upinde wa mvua. Sogeza lenzi karibu kabisa na dirisha bila kuligusa, wala usiegemeze kiwiko kwenye mlango: mtetemo wote utahamia kwenye kamera. Kasi ya shata ya kamera ya 1/1000 ya sekunde inatosha. Lenzi pana sana itakuletea mapanga ya helikopta juu na miguu yake chini.

Asubuhi hewa imetulia. Jua likipanda, joto huanza kuitikisa helikopta. Mwombe rubani azunguke jua likiwa ubavuni, vivuli vichonge mabonde. Kichefuchefu kikianza, weka kamera chini utazame upeo wa macho. Dawa hunywewa kabla ya kupaa, si baada ya kuanza kutoka jasho.

Kupanda: kofia mfukoni, subiri ishara, pitia mbele au ubavuni ambako rubani anakuona. Panga la mkia likizunguka halionekani kabisa. Kama ardhi ina mteremko, ingia kutokea upande wa chini, kwani upande wa juu mapanga yanakuwa karibu na kichwa. Na rubani akisema ukungu bado umelala bondeni, usimbembeleze. Kanywe chai, umsubiri.