Kalenda ya korosho ndiyo iliyonichagulia chuo

Binamu yangu wa Dar bado ananiita mvivu kwa sababu niliacha chuo cha huko. Hainipendezi, kwa hiyo nieleze ilivyokuwa.

Natunza hesabu za chama cha msingi cha wakulima wa korosho, Mtwara Vijijini. Nilikuwa na stashahada ya uhasibu, nikataka shahada ya biashara bila kuacha kazi, maana nina watoto wawili na mama ananitegemea. Ushauri ulikuwa uleule kila mahali: nenda Dar, waajiri wanaangalia jina la chuo. Mwanzoni mwa 2024 nikaanza masomo ya wikendi huko.

Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550. Ijumaa natoka kazini na begi begani, alfajiri nashuka Mbagala Rangi Tatu, naoga kwa binamu, saa mbili niko darasani macho mekundu. Jumapili narudi nikisoma kwa tochi ya simu hadi daraja la Mkapa pale Rufiji, usingizi unanishinda. Kila safari laki moja inakatika, chakula bado. Nilivumilia mpaka Mei, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani. Maji yakakata barabara Somanga, nikakwama Mbagala na tiketi mkononi. Salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, ilikuwa imeshafika chamani, wakulima wamepanga foleni, daftari la mgao limefungiwa kwenye kabati na ufunguo ninao mimi Dar! Mwenyekiti alinipigia mara tatu. Hakufoka, akasema tu, "Mwanangu, watu wanakusubiri." Nililia.

Niliporudi nikashusha kalenda ya ukutani. Mei na Juni nikazungushia wino wa bluu, miezi ya pembejeo. Oktoba hadi Desemba nikapaka nyekundu tupu: kupima mzigo, kupeleka ghala kuu, minada, malipo ya wakulima. Halafu nikachukua ratiba ya kila chuo nilichokifikiria, nikailaza juu yake.

Kozi ya jioni mjini ilinivutia sana, ni karibu na ada inalipika. Lakini muhula wake ulianzia ndani ya nyekundu. Ofisini waliniambia, "Utajipanga tu." Sikuridhika. Jioni nikakaa kwa mama lishe karibu na geti, nikaagiza chai na chapati, nikawauliza wanafunzi wenyewe.

"Dada, mtu akikosa wiki tatu inakuwaje?"

"Majaribio yanakupita, dada yangu. Somo unarudia mwakani, na unalilipia upya."

Chapati ile ilinifaa kuliko vipeperushi vyote. Ukitaka kujua chuo, waulize wanaotoka darasani saa mbili usiku.

Nikaenda kituo cha Chuo Kikuu Huria hapa Mtwara. Chuo hiki kilianzishwa mwaka 1992 kufundisha kwa masafa, kwa hiyo hakuna anayeshangaa ukisema una kazi. Niliuliza swali moja: naweza kupunguza masomo wakati wa msimu na kuyaongeza baadaye? Naweza. Kozi yenyewe nilishaihakikisha kwenye mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na usilipe hata shilingi kabla hujafanya hivyo.

Walinitisha kwamba Huria hakuna mwalimu wa kukusukuma. Mimi nasukumwa na jogoo: saa kumi na moja niko barazani na taa ya sola, nasoma mpaka watoto waamke. Mtihani wa uhasibu wa gharama niliufanya baada ya mkulima wetu wa mwisho kulipwa, na nimefaulu. Kalenda ya mwaka huu nayo nimeshaipaka rangi.