Mtambo wa Kufuma Teotitlán

Basi la kwenda Tlacolula lilinishusha njia panda, nikachukua bajaji hadi Teotitlán del Valle, kijiji cha Wazapoteki katika jimbo la Oaxaca, kusini mwa Mexico. Mazulia yalikuwa yametandazwa ukutani nyumba baada ya nyumba. Nilikuja kuwaona wanaoyafuma, kwa sababu zamani kazi hiyo haikuwa ya wanawake.

Mama alichambua sufu na kusokota nyuzi. Mtambo mkubwa wa kukanyaga kwa miguu, uliokuja na Wahispania, ulikuwa wa baba na wanawe. Kisha wanaume wakaanza kuondoka. Kuanzia 1942 hadi 1964 mpango wa Bracero uliwapeleka Wamexico kulima mashamba ya Marekani, na ulipofungwa, safari hazikukoma. Fedha zilichelewa, watoto wakataka kula, na mtambo ulikuwa umesimama bure. Wanawake wakaushika.

"Kaa, hija, ule kwanza," mwenyeji wangu aliniambia, yaani binti yangu kwa Kihispania, akaniwekea mkate na kikombe cha chokoleti ya moto. Alijifunza kufuma mume wake akiwa Santa Ana, California. Baadaye alinipeleka uani, akachuma vidudu vya cochinilla kwenye jani la mpungate na kuvisaga kiganjani. Kiganja kikawa chekundu kama damu. Akakamua ndimu, rangi ikageuka ya chungwa. Akatia chokaa kidogo, ikawa zambarau. Hakuna aliyempimia kiasi. Anajua kwa macho, na bei ya zulia anaipanga mwenyewe na mnunuzi.

Hata hivyo nasita kusema kwamba amekombolewa. Alfajiri yuko jikoni na tortilla, chapati za mahindi, mchana yuko mtamboni, na zamu ya mumewe ya tequio, kazi ya kijiji isiyolipwa, inamwangukia yeye. Kwenye simu mume bado anauliza kila peso imekwenda wapi. Kazi imehama upesi, lakini mamlaka yanamfikia polepole mno, na hilo liliniuma kuliko lolote nililoliona huko.

Katika jimbo hilohilo, mwaka 2007, Eufrosina Cruz aligombea uongozi wa Santa María Quiegolani, kijiji chake, na kura zake zikatupwa kwa kuwa ni mwanamke. Hakunyamaza. Mwaka 2010 akawa mbunge wa Oaxaca, akaliongoza bunge la jimbo. Mwenyeji wangu anamfahamu vizuri, na sasa huenda mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji, ingawa daftarini bado limeandikwa jina la mume.

Nilimuuliza itakuwaje mume akirudi na kuutaka mtambo wake. Akanionyesha mbao zilizoegemezwa ukutani. Seremala atakuja wiki ijayo kuunda mwingine, nao utakuwa wa mume.