Kona 57 za Chimala na urefu wa kiti

Barabara kuu ya kutoka Iringa kwenda Mbeya haina sababu ya kumtisha mwanamke anayeijua pikipiki yake. Lami ipo, vituo vya mafuta vipo, na kila senta utakuta fundi amekaa kivulini na spana zake zimetandazwa kwenye gunia. Mtihani uko Chimala, pale unapoiacha lami na kuanza kupanda kwenda Matamba, kona 57 zinazopandana juu ya ukuta wa mlima. Huko ndiko tulikokuwa tunakwenda mwezi wa Julai, mimi na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, mwalimu aliyepangiwa shule upande wa Makete. Kaka yake alikuwa amempa pikipiki ya kuanzia kazi.

Ilikuwa moja ya zile ndefu ambazo watu wa miradi wanapenda kuzitumia vijijini: tairi la mbele kubwa, madigadi imeinuka, shokapu zinazomeza shimo bila kulalamika. Kwa vumbi na mawe sijaona inayozishinda. Ila mdogo wangu ni mfupi. Alipoipanda pale nyumbani Kihesa, kilichogusa chini kilikuwa ncha ya kiatu, tena cha mguu mmoja. Nikamwambia, "Mdogo wangu, ikishakuwa kwenye mwendo haijali urefu wako. Shida itakuja siku utakapotakiwa kusimama mahali ambapo hukupachagua." Akasema ataizoea. Hatukuwa na muda wa kutafuta fundi wa viti, maana alitakiwa kuripoti, basi tukakubaliana kwamba mahali pa kusimama nitachagua mimi niliyetangulia.

Mimi natumia cc 125, hizi za bodaboda. Niliichagua kwa mambo mawili: nyayo zangu zote mbili zinakanyaga chini, na spea zake zinapatikana. Kwa Nyanda za Juu Kusini hilo la pili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Spea za Boxer au TVS utazikuta mpaka kwenye duka la kijijini linalouza sukari na mafuta ya taa. Pikipiki nzuri ya jina geni itakulaza wiki nzima ukisubiri kebo itoke Dar es Salaam. Na wauzaji wanaomsukumia kila mwanamke cc 100 kwa sababu ni mwanamke wanakosea. Huku kwetu milima ndiyo inayoamua. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi. Ukifika kule, karibu robo ya nguvu uliyoilipia dukani haipo, na mzigo umefunga nyuma.

Tulitoka asubuhi, baridi ya kipupwe ikiuma vidole. Mdogo wangu alikuwa amesuka twende kilioni, nami nilifurahi, kwa sababu helmeti haikai juu ya rasta zilizofungwa kichwani. Inaelea, na kitu kinachoelea hakikulindi ukianguka. Suruali nzito chini, buti zinazofunika kifundo, glavu, koti lisilopitisha upepo. Kitenge chake alitaka kukifunga kiunoni kama tulivyozoea wote. Nikamwomba akikunje akiweke begini. Nimeshaona kitenge kikivutwa na cheni, na kinachofuata nguo ni mguu.

Kutoka Ipogolo hadi Mafinga hakuna kubwa la kusimulia zaidi ya malori ya Tunduma. Lori likija mbele yako linasukuma upepo, na likishapita linakuvuta. Dawa yake ni kulegeza mabega, kubana tenki kwa magoti, na kutokamata usukani kwa hofu. Misonobari ya Sao Hill inakukinga kidogo, lakini Makambako upepo haukuachi.

Mafinga tulisimama kunywa chai, mdogo wangu akawa anakunja na kukunjua vidole vya mkono wa kushoto. Klachi ilikuwa imemchosha. Nikaangalia levaa: ilikuwa imeelekezwa juu, kwa hiyo kila akiibana, kiwiko kinashuka na kifundo cha mkono kinapinda. Tulilegeza ile boliti inayoishika levaa kwenye usukani, tukaizungusha ielekee chini kidogo, mpaka mkono wake ukawa umenyooka kutoka kiwikoni hadi vidoleni. Halafu tukaiweka sawa kebo, ibakie na ulegevu kidogo tu kabla haijaanza kuivuta klachi. Kazi ya kunywea kikombe kimoja cha chai, na hakulalamikia tena mkono ule. Wanawake wengi wenye vidole vifupi wanaamini klachi ni ngumu kwa sababu wao ni dhaifu, na wala hakuna aliyewaambia kwamba levaa inazungushwa.

Niseme na haya, maana hayasemwi. Kwenye barabara mbovu, sidiria ya mazoezi inayobana vizuri inaokoa kifua na mgongo pia. Ukiona mashimo, inuka kidogo usimamie vyuma vya kukanyagia na kuacha magoti yapokee pigo. Ukikaa umejikita, nyonga ndiyo itakayolipa usiku. Siku za hedhi safiri kama siku nyingine, ila panga vituo vyako mahali penye choo cha maana, na beba akiba zaidi ya unayodhani inatosha. Usijinyime maji ili kukwepa kuchimba dawa. Kichwa kinachouma kwa kiu hakioni vizuri kona.

Ukifika Igawa umeshateremkia Usangu, na makoti tukavua. Chimala tulikula wali, kisha nikaenda kwa fundi kuongeza upepo na kukaza cheni kabla ya mlima. Akaniuliza, "Mwenye pikipiki yuko wapi?" Nikamjibu ni mimi. Akauliza tena. Nikamwomba spana, nikalegeza nati ya ekseli ya nyuma mwenyewe, nikakaza pande zote mbili alama kwa alama mpaka cheni ikabaki na mchezo wa sentimita 2 hadi 3 katikati. Upepo nikamwambia psi 25 mbele, 28 nyuma, kama kijitabu cha pikipiki yangu kinavyoelekeza kwa mtu mmoja. Baada ya hapo tuliongea kama watu wa kazi, na ni yeye aliyetuonya kwamba kona za juu zina changarawe legevu upande wa ndani.

Tukaanza kupanda. Gia ya kwanza na ya pili, macho yakitazama pale kona inapoishia. Bonde la Usangu linazidi kutanuka chini yako, majaruba yanang'aa, na hamu ya kulitazama ni kubwa, litazame ukishasimama. Kona ilikuwa inafuata kona vizuri tu hadi tulipokutana na lori la viazi linashuka. Nilipiga honi, nikabana kushoto. Mdogo wangu nyuma yangu ilibidi asimame kwenye mteremko wa ndani, na ule mguu ulioshuka kutafuta ardhi haukuikuta. Pikipiki ikalala taratibu upande wa kushoto. Yeye aliruka, hakuumia.

Dereva alitaka kushuka kusaidia. Tulimshukuru tukamwomba apite, kwa sababu nilitaka mdogo wangu aifanye kazi hii angali ana mtu pembeni. Kwanza azime swichi na kufunga koki ya mafuta, petroli ilikuwa inadondoka kutoka kwenye kabureta. Kisha aingize gia ili tairi lisiteleze. Halafu aipe pikipiki mgongo. Makalio yakae kwenye ukingo wa kiti, mkono mmoja ukamate usukani uliokunjwa upande wa chini, mwingine ukamate chuma cha keria, magoti yapinde, mgongo unyooke. "Sasa tembea kinyumenyume, hatua ndogo ndogo. Usivute kwa mikono." Ilinyanyuka. Angeivuta kwa mikono akiwa ameitazama, asingeiweza, na mgongo ungemuuma mwezi mzima. Ikiwa imeangukia kulia, unafungua stendi ya pembeni kwanza ndipo uinyanyue, isije ikapitiliza kuangukia ng'ambo. Ya kwake ilikuwa imelalia stendi, kwa hiyo mimi nilisimama upande wa pili kuizuia tu.

Alipanda kona zilizobaki akiwa ametulia kuliko mwanzo. Nadhani ukishajua unaweza kuinyanyua, unaacha kuibana kwa woga.

Matamba tulilala kwa bibi mmoja anayefahamiana na mwalimu mkuu, akatupa viazi vya kuchemsha na moto wa kuota. Kesho yake mdogo wangu aliripoti, na baadaye tukakata uwanda wa Kitulo kuelekea Mbeya. Maua yanayoipa Kitulo sifa huchanua kuanzia mwezi wa 12 hadi wa 4. Julai unakuta nyasi na, alfajiri, umande ulioganda. Huko juu pikipiki yangu ilianza kukohoa, ikawa haitaki kupanda resi. Nilifungua plagi: ncha nyeusi, masizi makavu yanayopaka kidole. Kabureta huwa imewekwa kwa hewa ya chini. Ukipanda, hewa inapungua lakini petroli inaendelea kumwagwa ileile, basi mchanganyiko unakuwa mzito na plagi inaziba. Nikaweka plagi ya akiba, kisha nikafungua kichujio cha hewa. Vumbi la zile kona lilikuwa limekijaa, nalo linabana hata ile hewa kidogo iliyopo. Nikakikung'uta, nikafunga, ikaamka. Haikupata nguvu ya Iringa, na huwezi kuidai, lakini ilikwenda.

Begi langu la spana halina makubwa: namba 10, 12, 14 na 17, ya plagi, bisibisi, plaisi, tyubu, viraka na pampu, plagi moja. Kebo ya klachi ya akiba siibebi begini. Nimeilaza sambamba na ile inayofanya kazi, nimeifunga kwa utepe kutoka levaa hadi injini, ncha zote mbili zimefungwa plastiki. Ikikatika moja, nabadilisha ncha tu, sihitaji kushusha tenki barabarani jua likizama.

Mteremko wa kupitia Kikondo hadi Isyonje tuliushuka kwa gia ya pili, injini ikizuia na breki zikisaidia. Breki za ngoma zikipata moto zinaacha kushika, na ukilijua hilo katikati ya mteremko umeshachelewa.

Mbeya, Mwanjelwa, tulimpata fundi wa viti. Alitaka kukata sponji ya juu peke yake, nikamwomba aanze na mbavu za mbele, kwa sababu kiti kipana kinatanua mapaja na kuufupisha mguu hata wa mtu mrefu. Akapunguza pembeni, halafu akatoa kidogo juu, akabakiza sponji ya kutosha mtu asikalie ubao. Shokapu ya nyuma tukailegeza kidogo. Mdogo wangu akapanda: nusu ya mbele ya nyayo zote mbili ikakanyaga chini. Fundi akauliza kama akate zaidi, akamjibu mwenyewe kwamba hapana, panatosha, ashone kava isiyoteleza. Akalipa, akapiga kiki, tukaenda Soweto kutafuta godoro la kupakia kwenye basi la Makete.